Otsi za Kulowekwa na Matunda ya Friza: Shajara ya Mradi wa Jikoni, Mbeya

Jumamosi, 1 Februari

Mradi huu nimeuanza na matunda, ingawa otsi zenyewe, ile nafaka ya pakiti inayoitwa pia oats, bado sijazinunua, kwa sababu mapichi hayamsubiri mtu. Wiki hizi soko la Mwanjelwa limejaa mapichi, mekundu shavu moja na ya manjano shavu la pili, na mama ninayenunua kwake kila Jumamosi ameniambia kuwa wiki mbili zijazo yatakuwa yameadimika, na kuyaona tena ni hadi Desemba. Nimechukua ndoo ya lita 10, pamoja na maembe machache ya mwisho yaliyopanda na gari kutoka Kyela.

Niandike sababu yenyewe hapa mwanzoni ili nisiisahau. Nyumbani tuko wanne, na siku za kazi na shule sote huwa tumeshatoka kabla ya saa 12 na nusu asubuhi. Ifikapo Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapokaza, mkaa huchelewa kushika na mtungi wa gesi huisha siku ambayo hakuna aliyeitarajia, basi watoto huondoka na chai ya rangi na andazi la jana. Mwaka jana mwanangu mdogo aliondoka mara mbili bila kula kitu, na mwalimu wake akanieleza kwamba alisinzia darasani hadi mapumziko. Sitaki lijirudie. Isitoshe, mume wangu alipimwa lehemu (kolesteroli) mwezi Novemba ikaonekana iko juu, na daktari akamshauri aongeze vyakula vyenye nyuzinyuzi zinazoyeyuka katika maji, otsi zikiwa za kwanza kutajwa.

Chakula ninachokitafuta ni hiki: otsi zilowekwe usiku katika maziwa pamoja na matunda yaliyogandishwa, zikae kwenye jokofu hadi alfajiri, kisha zifunuliwe na kuliwa bila kuwasha moto.

Jumapili, 2 Februari

Kazi ya mapichi imechukua mchana mzima. Niliyaosha kwa maji safi yanayotiririka, kwa kuwa kugandisha hakuui vijidudu bali huvisimamisha tu, na kilichoingia na uchafu kitatoka na uchafu uleule. Kisha niliyatumbukiza machache machache katika maji yanayochemka kwa muda wa kuhesabu hadi 40, nikayahamishia kwenye beseni la maji baridi, na ngozi ikawa inavuka yenyewe chini ya kidole gumba, ikiacha nyama laini yenye michirizi myekundu kuzunguka kokwa. Sehemu kubwa nimeikata vipande vya ukubwa wa kifundo cha kidole, na sehemu ndogo nimeiacha nusu nusu ili nione tofauti. Vyote nimevinyunyizia maji ya ndimu, maana pichi likikatwa na kupigwa na hewa hugeuka rangi ya kahawia kabla hujamaliza kunawa mikono.

Vipande nimevitandaza kwenye sinia bila kugusana na kuviingiza kwenye friza hadi vikawa vigumu kama kokoto, ndipo nikavikusanya kwenye vyombo. Vikimiminwa chomboni vikiwa vibichi hushikamana kuwa tofali moja, na anayetaka kiganja kimoja atalazimika kuyeyusha vyote. Nimepata vyombo 13 vya gramu 400 kila kimoja, na kila kimoja nimekibandika tarehe.

Kazini mimi ni mtunza chanjo. Kule joto la jokofu halitakiwi kushuka chini ya nyuzi 2 wala kupanda juu ya nyuzi 8, na kuganda ni adui mkubwa, kwa sababu chanjo kadhaa zikiganda mara moja zimeharibika na hazirekebishiki. Huku nyumbani ninakitafuta kile ninachokikwepa kule. Friza ya nyumbani hugandisha polepole, chembe za barafu hukua zikawa kubwa na kupasua kuta za chembehai za tunda, na tunda linapoyeyuka humwaga maji yake. Kwa anayetaka kula pichi zima hiyo ni hasara. Kwangu ndiyo faida yenyewe, kwa sababu maji hayo yenye utamu na rangi ndiyo nitakayozinywesha otsi.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeongeza nanasi, papai, na ndizi za Tukuyu zilizoiva hadi kuwa na madoa. Friza imejaa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimenunua otsi. Kwenye pakiti moja zimeandikwa shayiri, jambo linalochanganya wanunuzi wengi, kwa kuwa shayiri ni nafaka nyingine kabisa, ile inayotumika kutengeneza bia. Dukani nilikuta aina tatu, nami nikachukua pakiti moja moja: zilizobondwa bapa, ambazo punje nzima hupitishwa kwenye mvuke na kubanwa na rola, za haraka, ambazo hubanwa zaidi na kuwa nyembamba, na zilizokatwakatwa tu, ngumu kama mchele. Ule mvuke una maana kwetu, kwani ndio unaofanya otsi bapa ziweze kuliwa bila kupikwa tena nyumbani.

Kabla ya kuloweka chochote nimeweka kipimajoto kwenye jokofu letu kwa usiku mmoja, ndani ya glasi ya maji ili kisidanganywe na kila mlango unapofunguliwa. Kimesoma nyuzi 9. Jokofu ambalo sote tuliliamini, na ambalo maziwa hulala humo kila siku! Nimezungusha kitufe mara mbili hadi kikatulia kwenye nyuzi 4. Chakula kinachokaa saa nane kikiwa na maziwa na matunda kinatakiwa kiwe chini ya nyuzi 5, na hapo sitakuwa na mjadala na mtu.

Jumatano, 14 Mei

Chupa ya kwanza haikufaulu. Niliweka nusu kikombe cha otsi bapa, kikombe kizima cha maziwa na nusu kikombe cha mapichi ya friza, nikachanganya na kufunga saa 3 usiku. Saa 11 alfajiri nilikuta supu nyeupe, otsi zimezama chini na vipande vya pichi vinaelea juu. Kosa lilikuwa katika hesabu: nilipima maziwa kana kwamba matunda ni makavu, nikasahau maji ambayo nilikwisha kuyaandika mwenyewe hapa mwezi Februari.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimelinganisha aina tatu za otsi katika chupa tatu, kila moja ikiwa na nusu kikombe cha otsi na nusu kikombe cha maziwa tu, bila tunda. Za haraka zilikuwa zimepondeka na kuwa kama uji uliopoa, laini mno, na mwanangu mdogo wa darasa la nne akasema zinafanana na chakula cha mtoto mchanga. Zilizokatwakatwa zilibaki zinagonga meno. Otsi bapa zilivimba, zikanywa karibu maziwa yote, lakini kila punje bado ilihisiwa mdomoni. Suala la aina limekwisha, na sitalirudia.

Jambo la maziwa nalo nimelimaliza leo. Tunayotumia hutoka kwa jirani mwenye ng'ombe wawili, na ni lazima yachemshwe kwanza, yapoe, yaingie kwenye jokofu, ndipo yalowekewe otsi. Kwa kuwa chakula hiki hakipiti kwenye moto, hakuna hatua nyingine ya kuua vijidudu vya brusela au kifua kikuu vinavyoweza kuwamo katika maziwa mabichi. Uji husamehe maziwa yasiyochemshwa kwa sababu wenyewe unachemka, lakini chupa hii haisamehi.

Jumatatu, 19 Mei

Nusu kikombe cha otsi, robo kikombe cha maziwa, robo kikombe cha mtindi, nusu kikombe cha mapichi. Kijiko kimesimama wima katikati ya chupa!

Jumamosi, 24 Mei

Wiki hii nimejaribu matunda mengine kwa kanuni ileile, na ninataka kuandika kwa kirefu kuhusu nanasi kwa sababu limenipotezea chupa nne kwa mkupuo. Usiku mchanganyiko ulionja vizuri kabisa. Alfajiri maziwa yalikuwa yamekatika, yametoa maji ya kijani-manjano pembeni, na kijiko cha kwanza kilikuwa kichungu hadi nikadhani mtindi umeoza. Nilinusa mtindi uliobaki kwenye kopo, ulikuwa mzima. Papai lilifanya vilevile siku mbili baadaye, ingawa uchungu wake ulikuja polepole.

Sababu ni vimeng'enya. Nanasi lina bromelaini na papai lina papaini, na vyote viwili kazi yake ni kukatakata protini, ndiyo maana mabibi zetu hupaka papai bichi kwenye nyama ya ng'ombe mzee ili ilainike. Vikikaa na protini ya maziwa usiku kucha huivunja vipande vipande, na baadhi ya vipande hivyo ni vichungu ulimini. Friza haikunisaidia, kwa maana baridi hukipunguzia kimeng'enya kasi tu na hakikiui. Kinachokiua ni moto. Nimetoa chombo kimoja cha nanasi, nikalichemsha kwa dakika tano, nikalipoza na kulirudisha kwenye friza, na chupa ya usiku wa pili ilitoka tamu, bila tone la uchungu. Papai nimeamua libaki la kuwekwa juu wakati wa kula.

Embe la Kyela halina shida yoyote, na harufu yake inapofunuliwa chupa alfajiri ya baridi inamrudisha mtu Januari. Ndizi iliyogandishwa inafaa ikipondwa na kuchanganywa na maziwa mwanzoni, kwa sababu inaondoa haja ya sukari, ila rangi yake huwa ya kijivu, na asiyependa kuiona aifunike na karanga zilizokaangwa. Tunda damu nililijaribu mara moja. Ni chachu, ngozi yake ni chungu na lazima imenywe, na watoto walikataa.

Zile nusu za mapichi nilizoziacha kubwa zimekutwa na barafu katikati hata baada ya saa nane. Vipande vidogo ndivyo sahihi.

Jumapili, 1 Juni

Mume wangu aliuliza swali la haki: Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Juni inakaribia, kwa nini tujaze jokofu chupa wakati dirisha la jikoni lenyewe ni jokofu? Badala ya kubishana tumepima. Chupa ya maji yenye kipimajoto imekaa dirishani usiku tatu mfululizo. Usiku wa kwanza ilianza nyuzi 17 saa 3 usiku ikafika 12 alfajiri. Usiku wa pili ikafika 11. Usiku wa tatu, ambao nje nyasi zilikuwa na ukungu mzito na Mlima Loleza hauonekani, ikafika nyuzi 10. Haikushuka hata mara moja chini ya 5. Baridi inayomfanya mtu avae masweta mawili bado ni joto la kutosha kwa bakteria wa kwenye maziwa, na mume wangu aliyaona mwenyewe maandishi ya kipimajoto. Chupa zinabaki kwenye jokofu.

Alhamisi, 12 Juni

Umeme ulikatika jana saa 8 mchana na kurudi leo saa 10 alfajiri. Ni saa 14. Nilipotoka kazini niliwakataza wote kugusa mlango wa friza, kwa mazoea ya kazi yangu: friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi yake kwa takribani siku mbili, na iliyojaa nusu kwa takribani siku moja, ila sehemu ya chini ya jokofu haivumilii zaidi ya saa nne. Matunda niliyakuta bado magumu. Lakini chupa nne nilizokuwa nimeziloweka juzi usiku kwa ajili ya leo zilikuwa na nyuzi 13, nami nimezimwaga zote, pamoja na mtindi. Iliniuma kumwaga chakula kizuri, hasa kwa kuwa kwa macho na kwa pua hakikuwa na kasoro.

Hatua niliyochukua: nafasi zinazobaki wazi kwenye friza kadiri matunda yanavyopungua ninazijaza chupa za maji. Zikiganda zinasaidia kushika baridi, na umeme ukikatika jioni ninashusha mbili chini zikakae karibu na chupa za otsi.

Jumatatu, 30 Juni

Mama mkwe alikuja Jumamosi kutoka Tukuyu na gari la asubuhi, akiwa na mkungu wa ndizi na lita tatu za maziwa. Baada ya shikamoo na marahaba nilimpa chupa yenye mapichi. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka mezani akasema, "Mwanangu, hiki chakula ni kizuri, lakini tumbo la mtu mzima asubuhi ya Juni unalipaje barafu?"

Nimelichukulia swali lake kwa uzito kwa sababu watoto pia, waliofunga shule kwa likizo na kwa hiyo wanakula bila haraka, huacha chupa mezani hadi ipate ujoto. Jaribio la kwanza la kutatua liliharibika: nilitia chupa iliyotoka kwenye jokofu ndani ya sufuria ya maji ya moto sana, ikapasuka kitako kwa mlio mmoja, na vipande vya kioo vikaingia kwenye chakula. Kioo hakivumilii kuhamishwa ghafla kutoka baridi kali kwenda joto kali. Njia inayofaa ni maji ya uvuguvugu, ambayo mkono unaweza kukaa ndani yake bila kuungua, yakitoka kwenye chupa ya chai ya usiku, na chupa ya otsi ikae humo kwa dakika kumi wakati watu wanaoga. Haiwi ya moto, lakini ule ubaridi unaoumiza meno unaondoka. Pembeni kuna chai ya Mufindi yenye tangawizi, nayo pia imetoka kwenye chupa ya chai. Mama alikula hivyo siku ya pili, akamaliza, akauliza kama inawezekana kufanya kwa ndizi peke yake.

Jioni tulizungumza kuhusu asili ya chakula hiki, naye alishangaa kusikia kuwa kina zaidi ya miaka mia moja. Daktari wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, alikuwa akiwapa wagonjwa wake mjini Zürich mwanzoni mwa karne ya 20: kijiko kimoja tu cha otsi zilizolowekwa katika maji usiku kucha, maji ya limau, kijiko cha maziwa mazito ya kopo, njugu zilizosagwa, na tufaa zima lililokunwa pamoja na ganda lake. Kwake tunda ndilo lilikuwa chakula na otsi zilikuwa kiungo. Mama alisema huyo daktari alikuwa na akili, na Jumapili tumejaribu kwa tufaa la Makete. Lazima likunwe asubuhi, si usiku, la sivyo linakuwa jeusi. Ladha yake ni safi sana, ila halishibishi mtoto anayekwenda kukaa darasani hadi saa 8.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, sote tupo nyumbani, na shule zinafunguliwa kesho. Nimeloweka chupa nane, za siku mbili. Nimeona kuwa hadi siku ya pili mchanganyiko unabaki mzuri. Siku ya tatu matunda huwa yameachia maji yote na otsi zimelegea.

Jumapili, 20 Julai

Wiki mbili za shule zimepita. Hakuna aliyeondoka na njaa hata siku moja, na siku ambazo gesi iliisha hatukujua hadi jioni.

Kanuni iliyotulia kwa chupa moja ya mtu mzima ni hii: chini kabisa nusu kikombe cha otsi bapa, yaani kama gramu 40, na chembe ya chumvi, robo kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa, robo kikombe cha mtindi, koroga hadi pasiwe na otsi kavu kwenye pembe za chini, kwa sababu hapo ndipo unga hujificha. Matunda, gramu 80, yanakaa juu yakiwa bado yameganda, na hayakorogwi. Nilijaribu njia zote mbili. Yakikorogwa ndani hupoza maziwa upesi mno na otsi huchelewa kunywa, lakini yakikaa juu huyeyuka polepole na maji yake hushuka yenyewe. Alfajiri ukiinua chupa kwenye taa unaona njia yaliyopita: michirizi ya rangi ya waridi inayoteremka ubavuni mwa kioo, ikiishia kwenye tabaka la otsi lililogeuka rangi ya chungwa. Kijiko cha asali au karanga huongezwa wakati wa kula.

Kuhusu lehemu ya mume wangu, kiasi kinachotajwa ni gramu 3 za beta-glukani, zile nyuzinyuzi za otsi zinazoyeyuka, kwa siku, ambacho ndicho mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikitumia mwaka 1997 ilipoyaruhusu makampuni kuandika kwenye pakiti kuwa otsi zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Gramu 40 za otsi hutoa takribani nusu yake. Kwa hiyo chupa moja haitoshi peke yake, naye ameanza kula maharage mchana badala ya chipsi. Atapimwa tena Agosti.

Jumamosi, 26 Julai

Gharama bado inanisumbua, kwa kuwa pakiti ya nusu kilo ya otsi hutoa chupa kumi na mbili tu, na fedha yake ingenunua unga wa lishe wa siku nyingi zaidi. Tumekubaliana otsi ziwe siku tatu kwa wiki, na siku mbili zilizobaki uji uliopikwa usiku na kuwekwa kwenye chupa ya chai.

Mapichi yamebaki vyombo viwili. Kila chombo kinatoa chupa tano, kwa hiyo ndoo moja ilitosha chupa 65, na kwa watu wanne hizo ni siku 16 tu. Nimeshamwambia yule mama wa Mwanjelwa aniwekee ndoo tatu Januari, zilizoiva bila kulegea. Binti yangu ameomba kazi ya kuloweka iwe yake. Jana usiku nilimkuta jikoni, amebandika majina yetu kwenye vifuniko, na kwenye kifuniko cha bibi yake, ambaye anarudi kwetu kesho, ameandika: ndizi peke yake.